Kutoka Baoding hadi Shenzhen: kuzifuata mita za miji ya kaboni ndogo

Siku ya 1: Baoding

Njia hii inafuata reli ya kasi kutoka kaskazini hadi kusini mwa China, na kila kituo ni mji uliowekwa kwenye majaribio ya serikali ya miji ya kaboni ndogo, yaani miji inayotakiwa kupunguza hewa ukaa. Swali tunalobeba ni lilelile kila tunaposhuka: nishati inayodaiwa kuokolewa inasomeka kwenye mita ipi, na imezidishwa kwa namba gani kabla ya kuingia kwenye ripoti?

Baoding, kusini-magharibi mwa Beijing, ni mwanzo mzuri kwa kuwa ulikuwa kwenye orodha ya kwanza kabisa. Tarehe 19 Julai 2010 Tume ya Taifa ya Maendeleo na Mageuzi iliteua mikoa 5 na miji 8: Tianjin, Chongqing, Shenzhen, Xiamen, Hangzhou, Nanchang, Guiyang na Baoding. Kundi la pili lilitangazwa Novemba 2012, la tatu Januari 2017. Waraka wenyewe wa 2010 ni mwepesi kuliko kelele zake. Unaipa miji kazi tano: kuandika mpango, kutunga sera za kuusaidia, kujenga viwanda vya kaboni ndogo, kuanzisha takwimu za hewa ukaa, na kuhamasisha wakazi wabadili mienendo. Meno yalikuwa kwingine, kwenye mipango ya miaka mitano. Ule wa 2006 hadi 2010 ulidai nishati kwa kila yuan ya pato ipungue kwa asilimia 20, na nchi ikafika 19.1. Katika miezi ya mwisho ya 2010 baadhi ya maeneo yalikata umeme ili yafikie lengo, viwanda vikawasha jenereta za dizeli, na dizeli ikaadimika. Namba ya umeme ikashuka huku nishati halisi kwa kila bidhaa ikipanda, maana jenereta ndogo ya dizeli haifikii ufanisi wa mtambo mkubwa wa umeme.

Baoding ulijipa jina la Bonde la Umeme kwa sababu ya viwanda vyake vya paneli za sola na vifaa vya umeme wa upepo. Hata hivyo mwaka 2014 mji huu ndio ulioshika mkia kwa ubora wa hewa kati ya miji 74 iliyopimwa na wizara ya mazingira. Hakuna mkanganyiko hapo. Paneli zilikuwa zinapakiwa na kusafirishwa, ilhali majiko ya nyumbani na boila za mjini viliendelea kula makaa ya mawe. Kuuza vifaa vya nishati safi kunakuza pato, na pato likikua uwiano wa nishati kwa yuan unashuka kwenye karatasi bila kiunzi cha dirisha hata kimoja kuzibwa.

Jaribio kubwa lilikuja majira ya baridi ya 2017, Baoding ulipokuwa kati ya miji 28 ya kaskazini iliyoamriwa kuhama kutoka makaa kwenda gesi au umeme. Hesabu ya nyumba moja inaeleza kilichotokea. Nyumba ya matofali ya kijijini, ukuta wa sentimita 24, kioo kimoja dirishani na bila kihami joto, hupoteza takribani wati 80 hadi 100 kwa kila mita ya mraba usiku wa baridi kali. Nyumba ya mita 100 za mraba inahitaji kilowati 8 hadi 10. Mita moja ya ujazo ya gesi asilia ina karibu kilowati-saa 10 za joto, na boila ya ukutani inatoa tisa kati ya hizo. Kwa hiyo boila inakula kama mita moja ya ujazo kila saa, usiku kucha, nyumba kwa nyumba, saa zilezile. Bomba na hifadhi ya gesi havikujengwa kwa kilele cha namna hiyo. Gesi ikapungua, na katika baadhi ya shule za wilaya ya Quyang watoto wakasomea nje juani kwa kuwa makaa yalipigwa marufuku kabla mitambo mipya haijaunganishwa. Tarehe 4 Desemba 2017 wizara ya mazingira iliruhusu makaa pale ambapo kazi haijakamilika.

Kosa la kiufundi lilikuwa la mpangilio wa kazi. Nyumba ikizibwa kwanza, kilowati 10 zinashuka hadi 5 au 4, na boila, bomba na bili vyote vinapungua pamoja nayo. Ukibadili mafuta kwanza, unanunua boila kubwa ambayo baadaye itawaka na kuzima kila dakika chache. Tena boila ya kisasa inayovuna joto la mvuke wa moshi hufanya kazi hiyo tu ikiwa maji yanayorudi yako chini ya nyuzi 55 hivi. Ikifungwa kwenye radieta za zamani za nyuzi 70, faida hiyo inapotelea kwenye bomba la moshi.

Siku ya 2: Tianjin, upande wa mabomba

Reli ya Baoding hadi Tianjin, kilomita 158, ilifunguliwa tarehe 28 Desemba 2015. Safari ni ya kama saa moja.

Wageni wengi hupelekwa moja kwa moja kwenye Mji wa Ikolojia wa China na Singapuri, ulioanza kujengwa Septemba 2008 kwenye ardhi ya chumvi, kilomita 30 za mraba. Tuutazame kesho. Leo ni mitaa ya kawaida, kwa sababu Tianjin ulifanya jambo ambalo miji mingi ya kaskazini ililikwepa: kuuza joto kwa mita.

Ratiba ya msingi ya joto la mjini ni tarehe 15 Novemba hadi 15 Machi. Maji ya moto hutoka mtamboni, hupita kituo cha kubadilishana joto, kisha hupanda majengoni. Kwa utaratibu wa zamani mkazi hulipa kwa mita za mraba za sakafu. Chumba kikiwa na nyuzi 25 hupunguzi kitu, unafungua dirisha. Nje ikiwa sifuri, nyumba iliyopashwa hadi nyuzi 24 badala ya 18 hupoteza joto theluthi moja zaidi, kwa kuwa upotevu hufuata tofauti ya ndani na nje. Hakuna ukuta mnene unaoweza kulipa fidia ya tabia hiyo.

Mita ya joto ina sehemu tatu: kipima mtiririko, vihisi viwili vya halijoto (bomba la kuingia na la kutoka), na kikokotoo kinachozidisha mtiririko kwa tofauti ya nyuzi. Hapo ndipo shida huanzia. Pampu ikisukuma maji mengi mno, tofauti inaweza kuwa nyuzi 4 tu. Vihisi vikikosea kwa nusu nyuzi, bili imekosea kwa asilimia 12. Fundi mzuri huoanisha vihisi viwili kiwandani ili vikosee upande mmoja, na huvizamisha hadi katikati ya bomba, asivifunge kwa nje. Kutu na mchanga wa radieta za chuma huziba kipima mtiririko cha mabawa. Cha mawimbi ya sauti hudumu zaidi, ila bado kinataka chujio mbele yake, na chujio linataka mtu wa kulisafisha.

Mita peke yake haitoshi. Lazima mkazi awe na vali ya kupunguza joto, na majengo mengi ya zamani yana bomba moja linaloshuka kutoka radieta ya ghorofa ya juu hadi ya chini. Wa juu akifunga vali, walio chini wanaganda. Tiba ni kuweka bomba la kando kwenye kila radieta na vali yenye uwazi mkubwa, kisha kusawazisha nguzo za mabomba kwa vali za mizani. Kazi hiyo ya kusawazisha ndiyo inayorukwa mara nyingi, maana haionekani kwenye picha. Bila yake, vyumba vilivyo karibu na kituo hufika nyuzi 24 na vya mwisho 16. Mwendeshaji anapopigiwa simu za malalamiko huongeza mwendo wa pampu, tofauti ya nyuzi inazidi kushuka, na mita zinazidi kukosea.

Kisha kuna ugomvi wa majirani. Ukuta kati ya nyumba na nyumba hauna kihami joto. Anayefunga radieta zake zote huishi kwa joto la walio ubavuni, na wa kona juu kabisa hulipa kuliko wote. Ndiyo maana bili ya mita imegawanywa mara mbili, sehemu ya kudumu kwa eneo na sehemu kwa matumizi. Sehemu ya kudumu ikizidi, mkazi anaacha kuhangaika na vali; ikipungua sana, kampuni ya joto haiwezi kulipa gharama zake. Mabishano yote ya mageuzi ya joto yako kwenye asilimia hiyo.

Siku ya 3: Tianjin, upande wa kuta

Kanuni za ujenzi hapa zinahesabiwa kwa hatua, zote zikilinganishwa na nyumba za kawaida za 1980: punguzo la asilimia 30, kisha 50, kisha 65, kisha 75. Tianjin ulipanda hatua ya 75 mwaka 2013, mbele ya kanuni ya kitaifa, na hii ni moja ya sera chache kwenye njia hii ambazo matokeo yake yanafuatika tofali kwa tofali. Kihami joto cha nje kinakuwa kinene, madirisha yanapata vioo vya tabaka, na mkaguzi anatakiwa kuona vyote kabla ya plasta.

Kinachoharibika ni kwenye maungio. Baraza la zege linalotoka nje bila kuvunjwa njia ya joto hufanya kazi ya pezi la kupozea, na ndani yake ukuta huota ukungu mweusi. Bodi za povu zikibandikwa kwa madoa machache ya gundi, upepo huingia nyuma yake. Kanuni njema ni gundi kuzunguka ukingo wote na vidonge katikati, pamoja na pini. Na kuna moto. Tarehe 15 Novemba 2010, jengo la ghorofa huko Shanghai lililokuwa likifungwa kihami joto liliwaka kutokana na cheche za kuchomelea, na watu 58 wakafa. Mwaka uliofuata mamlaka ya zimamoto ikadai vihami visivyowaka kabisa. Wajenzi wakakimbilia sufi ya mwamba, ambayo ni nzito, hunyonya maji ikiachwa mvuani, na ikilowa haizuii joto tena. Sharti lililegezwa mwishoni mwa 2012. Mtafiti anayelinganisha miji ya 2010 na 2013 bila kujua kisa hiki atadhani kuchelewa kwa kazi za kuta ni uzembe wa sera ya kaboni.

Mji wa Ikolojia alasiri: majengo yote ya kijani, sharti la asilimia 20 ya nishati mbadala, na safari asilimia 90 kwa miguu, baiskeli au usafiri wa umma. Kwa maoni yetu somo lake ni dogo. Mji mpya uliojengwa kwenye ardhi tupu hauna mabomba ya zamani ya kusawazisha.

Siku ya 4: Zhenjiang

Reli ya Beijing hadi Shanghai, iliyofunguliwa 30 Juni 2011, inakushusha Zhenjiang, mji wa kundi la pili ukingoni mwa Yangtze. Hapa kuna saruji, kemikali, karatasi, na mtambo mkubwa wa makaa wa Jianbi wenye mashine za megawati 1,000.

Zhenjiang ulijulikana kwa mfumo wake wa kompyuta unaokusanya takwimu za kaboni, na kwa kupima miradi kabla ya kibali: taa nyekundu haujengwi, ya njano punguza kwanza, ya kijani endelea. Ni sera nzuri kwa sababu inamkamata mwekezaji kabla hajamwaga zege. Tanuri la saruji likishajengwa litakaa miongo kadhaa.

Kiwandani kuna mambo mawili yanayolipa haraka. La kwanza ni moshi wa tanuri la saruji, unaotoka ukiwa na nyuzi 300 na zaidi. Boila ya mvuke na tabo (turbini) ndogo huzalisha takriban kilowati-saa 30 kwa kila tani ya klinka, yaani mawe yaliyochomwa yanayosagwa kuwa saruji. La pili ni kuendesha mota kwa mwendo unaobadilika. Feni ikipunguzwa hadi asilimia 80 ya mwendo inahitaji karibu nusu tu ya nguvu, kwa sababu nguvu hufuata mchemraba wa mwendo. Wauzaji huitumia hesabu hiyo kwa pampu pia, na hapo hudanganya wasiojua: pampu inayopandisha maji mita 30 lazima ishinde urefu huo kwanza, mwendo upungue usipungue. Ikishuka chini ya kiwango fulani inazungusha maji palepale na kuchemka.

Sasa mtambo wa umeme. Mwaka 2005 mitambo ya makaa nchini ilitumia wastani wa gramu 370 za makaa sanifu (makaa ya kufikirika yenye joto lililokubaliwa, yanayotumika kama kipimo cha nishati) kwa kila kilowati-saa. Mwaka 2020 gramu 305. Punguzo hilo lilitokana na sera ya kitaifa ya kufunga mashine ndogo na kujenga kubwa, iliyoanza kabla ya majaribio ya miji. Kila mji wenye mtambo mpya ulionekana kuwa hodari. Na umeme ukitumiwa mji mwingine, moshi unabaki kwenye daftari la Zhenjiang. Asiyekuwepo na lake halipo, na mlaji wa mwisho hayupo kwenye hesabu.

Tahadhari kwa anayesoma takwimu za viwanda za miji ya China: hadi 2010 zilihusisha kampuni zenye mauzo ya yuan milioni 5 na zaidi kwa mwaka. Kuanzia 2011 kizingiti kilipandishwa hadi milioni 20. Kampuni ndogo, ambazo mara nyingi ndizo zenye mashine kuukuu, zilitoka kwenye jedwali mwaka mmoja tu baada ya kundi la kwanza kuteuliwa.

Siku ya 5: Hangzhou, kisha gari moshi la Nanchang

Hangzhou ilizindua baiskeli za umma tarehe 1 Mei 2008: saa ya kwanza bure, ya pili yuan 1, ya tatu 2, kisha 3 kila saa. Bei hiyo ndiyo uhandisi wenyewe, kwani inamlazimisha mtu arudishe baiskeli haraka. Nishati inayookolewa hutegemea aliyeipanda angesafiri kwa nini. Aliyekuwa akitembea hajaokoa chochote, na malori ya kuhamisha baiskeli kutoka vituo vilivyojaa hula dizeli. Zinapofikisha watu kwenye treni ya chini ya ardhi, iliyofunguliwa Novemba 2012, ndipo gari binafsi linapobaki nyumbani.

Safari ya magharibi ni ndefu kidogo, inatosha kueleza jinsi wachumi wanavyopima haya. Huchukua miji ya majaribio na isiyo ya majaribio, kabla na baada ya uteuzi, kisha hulinganisha tofauti za tofauti, yaani mabadiliko ya kundi moja ukitoa mabadiliko ya kundi la pili. Ufanisi wenyewe hukokotolewa kwa kuweka nguvu kazi, mtaji na nishati upande mmoja, pato na hewa ukaa upande wa pili. Udhaifu uko wazi: miji haikupigiwa kura ya bahati, na mingi iliomba yenyewe. Miji hiyohiyo ilipata pia ruzuku za magari ya umeme na, kwa baadhi, soko la majaribio la kaboni, ambako kampuni huuziana vibali vya kutoa hewa ukaa. Anayeona ufanisi umepanda hana hakika amepima sera ipi, asipozitenganisha tarehe.

Siku ya 6: Nanchang

Nanchang ni mji wa taa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nanchang walifanikiwa kuotesha LED ya buluu juu ya silikoni, na mji ulikuwa kwenye mpango wa kitaifa wa 2009 wa kuweka taa za LED mitaani. Taa ya sodiamu ya wati 250 ilipisha LED ya 120 hivi.

Taa za mwanzo zilikufa mapema, na mara nyingi chipu ilikuwa nzima. Kilichokufa ni kapasita ya kielektroliti ndani ya kisambaza umeme, iliyopikwa na joto la kasha lililofungwa juani. Kila nyuzi 10 za ziada hupunguza maisha yake kwa nusu. Dawa ni kutenganisha kasha hilo na taa na kuliwekea mapezi ya kupoza. Upande wa sera, LED ikiwa nafuu mji huongeza nguzo, hupamba madaraja na kuwasha kuta za maghorofa, na akiba inaliwa.

Kuna mtego mwingine kwa wanaokadiria nishati ya miji kwa mwanga wa usiku unaoonekana kutoka satelaiti. Kihisi cha VIIRS, kilicho kwenye satelaiti zinazotumika kwa kazi hiyo, huona kuanzia nanomita 500 hadi 900. Kilele cha buluu cha LED kiko karibu na 450, hakionekani. Mtaa ukibadili sodiamu kwa LED, satelaiti inaona giza zaidi kuliko lililopo.

Siku ya 7: Shenzhen

Mwisho wa 2017 mabasi yote ya mji huu, 16,359, yalikuwa ya umeme. Hesabu ifanywe hapahapa kituoni.

Basi la dizeli: lita 38 kwa kilomita 100, yaani kilo 0.32 kwa kilomita. Kwa kizidishio cha China cha 1.4571, ni kilo 0.465 za makaa sanifu. Basi la umeme: kilowati-saa 1.1 kwa kilomita. Ukizidisha kwa 0.1229, joto lililo ndani ya umeme wenyewe, unapata kilo 0.135, akiba ya asilimia 71. Ukizidisha kwa gramu 300 ambazo mtambo wa makaa ulichoma kuuzalisha, unapata 0.33, akiba ya asilimia 29. Basi ni lilelile. Soma pia mita ya upande wa gridi badala ya dashibodi, maana chaja na betri hupoteza takribani sehemu moja ya kumi, na kiyoyozi cha kiangazi huongeza matumizi.

Soko la kaboni la Shenzhen lilifunguliwa 18 Juni 2013, la kwanza nchini, likiwa na kampuni za viwanda 635 na majengo makubwa 197. Vibali vya viwanda viligawiwa kwa kaboni kwa kila yuan ya thamani iliyoongezwa, kisha vikarekebishwa baada ya mwaka kwa uzalishaji halisi. Kiwanda kinachokua hakibanwi na dari moja ngumu. Kinabanwa na uwiano, na uwiano unashuka pia ukihamia bidhaa ghali.

Qianhai, mtaa wa biashara wa Shenzhen na kituo cha mwisho, hupozwa kwa maji baridi ya pamoja na barafu inayogandishwa usiku. Tani moja ya barafu hubeba kilowati-saa 93 za baridi. Mashine inayotoa maji ya nyuzi 6 hupata baridi mara 5.5 ya umeme wake. Ikigandisha kwa nyuzi 5 chini ya sifuri hupata kama 3.8. Kwa kilowati-saa 1,000 za baridi ni umeme 182 dhidi ya 263. Bili inashuka kwa sababu umeme wa usiku ni rahisi, na kilele cha mchana kinapunguzwa, lakini kwenye safu ya ufanisi jengo limerudi nyuma. Maji yakirudi na nyuzi 5 tu za tofauti badala ya 9, kwa sababu ya koili chafu au vali za njia tatu, pampu zinasukuma karibu mara mbili na safu hiyo inazidi kuharibika. Ripoti ya jengo ikitaja kaboni ya barafu hii, iambatane na saa za kugandisha na mchanganyiko wa umeme wa mkoa huu wa Guangdong saa hizo: nafasi ya umeme wa maji kutoka mkoa wa Yunnan na wa nyuklia usiku inaweza kutofautiana na ya saa nane mchana, na wastani wa mwaka hauonyeshi tofauti hiyo.